Siku Nilipoonyesha Kucha

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilipoamriwa kunyoosha mikono mbele ya kijiji kizima, na kila nikikuona umeinama na hiyo brashi yako ya mshazari, siku ile inanirudia. Usiache kazi. Wewe paka hizo kucha, mimi nitaongea. Ila ncha hiyo ya kushoto umeinenepesha kuliko ya kulia, ifute uanze upya.

Unacheka. Unashangaa bibi kajulia wapi. Unadhani hii frenchi yenu, ya kupaka ukucha ncha nyeupe, iliingia Sumbawanga pamoja na simu. Mimi nilipaka ncha nyeupe nikiwa msichana, enzi za Ujamaa, wakati hata sabuni tulikuwa tunagawiwa kipande kipande. Hatukuwa na jina la kuiita, lakini tuliijua.

Aliyenifundisha ni Mama Ipyana, mke wa bwana shamba. Walikuwa watu wa Mbeya, serikali iliwaleta kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kasense, pembeni ya Sumbawanga. Zamani aliwahi kufanya kazi saluni huko kwao. Alichukua brashi ya mwanawe ya kuchorea, akaikata manyoya kwa wembe, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. "Huu mrefu ndio unaingia kwenye kona ya ukucha," aliniambia. "Unavuta mpaka katikati, unaachia. Halafu unaanza kona ya pili, mistari ikutane. Na usizungushe brashi, Skola. Zungusha kidole." Wewe umelipia kozi mjini, na bado unazungusha brashi.

Mikono yangu ilikuwa ya jembe. Sisi ndio tuliokuwa tukifukia nyasi kwenye intumba, yale matuta ya mviringo ya kwetu Ufipa, na udongo wake ulikuwa ukiingia kwenye kucha na kupanga chumba humo. Siku Mama Ipyana aliponipaka kwa mara ya kwanza, nilikaa nimeitandaza mikono mapajani, sitaki hata kufukuza nzi. Nilijiona mtu.

Rangi yenyewe aliniletea Deo.

Deo alikuwa utingo wa lori la kijiji, lile lililopeleka mahindi Mbeya. Kijana mrefu, mcheshi, wa kucheka kwanza ndipo akueleze kinachochekesha. Nilimpenda, mwanangu, sitakuficha. Alikuwa akija kwa njia ya nyuma ya mji wetu, anapiga mluzi, natoka kama ninayekwenda kuchota maji. Alikuwa akinishika vidole kimoja kimoja, anasema mikono hii haikuumbwa kwa ajili ya jembe. Posa, alisema, italetwa tukishavuna. Tulivuna, akasema ulezi bado. Ulezi ukavunwa, akasema mjomba wake anaumwa. Hakuna aliyejua habari zetu isipokuwa Mama Ipyana, na yeye alikuwa akiguna tu kila nikilitaja jina la Deo.

Sasa sikiliza. Mahindi ya kijiji yaliwekwa kwenye ghala moja, yakanyunyiziwa dawa ya wadudu, unga mweupe unaowasha pua. Dawa ile ikikuingia kwenye kucha haitoki upesi. Kila mtu alilijua hilo. Kwa hiyo magunia yalipoanza kupotea, wakubwa hawakuhangaika. Waligonga rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, wakatuita wote uwanja wa shule, wakatupanga mstari. Onyesheni mikono.

Na mimi nilikuwa nimepaka jana yake.

Mgambo alipofika kwangu alinikamata kiganja akakiinua juu. "Huyu hapa! Mwizi huyu hapa, dawa imemjaa kwenye kucha!" Watu wakapiga kelele. Nilimwona baba yangu akiangalia chini, mzee ambaye hakuwahi kuokota hata hindi la mtu njiani.

Mama Ipyana ndiye aliyepenya katikati ya watu. "Dawa gani? Hamjui rangi ya kucha nyinyi? Leteni maji basi." Maji yakaletwa kwenye kata, nikasugua mbele yao, maji yakabaki safi bila weupe wa dawa, na rangi ikabaki inang'aa juu ya ukucha, si chini yake. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

Mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Mgambo wake alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba mwizi amepatikana, na sasa yeye hakuwa na mwizi. "Haya, ni rangi," alisema. "Umeipata wapi? Duka la kijiji halina hata chumvi, wewe una rangi ya kucha. Nani mlanguzi wako?"

Lori la kijiji halikuruhusiwa kubeba kitu cha mtu binafsi. Utingo akibainika, kazi imekwisha, na jina la ulanguzi atatembea nalo. Nililijua hilo, kwa hiyo jina lake sikulitaja. Lakini macho hayana adabu, mwanangu. Yalikwenda yenyewe mpaka kwa Deo, aliyekuwa amesimama karibu na gurudumu la lori lake. Mwenyekiti akayafuata.

"Deo. Unamjua binti huyu?"

Deo alijikuna shingo. "Namjua kwa sura tu, Mwenyekiti."

Kwa sura tu! Mtu aliyekuwa akivihesabu vidole vyangu.

Nikaambiwa niikwangue rangi ile hapo hapo, kila mtu aone. Mgambo alinipa kisu chake. Sisi tunajenga nchi, Mwenyekiti alikuwa akisema, wengine wanapamba kucha. Nilikwangua mpaka damu ikatoka kwenye vidole viwili, na hakuna aliyesema inatosha. Mama yangu ndiye aliyekuja akaifunika mikono yangu kwa khanga yake, akaniongoza nyumbani bila kuniuliza kitu. Hiyo huruma ndiyo iliyoniliza.

Baadaye mwizi alipatikana, na alikuwa mlinzi mwenyewe wa ghala. Hakuna aliyepita nyumbani kusema pole. Mimi nilibaki kuitwa Dawa. Dawa njoo, Dawa umepita, watoto wananiimba njiani nikiwa na ndoo kichwani. Baba aliacha kukaa kilabuni na wenzake kwa sababu ya jina hilo, na ninamwonea uchungu mpaka leo.

Unangoja nikwambie kwamba Deo aliporudi nilimfukuza. Alirudi kweli, kwa njia ile ile ya nyuma, kwa mluzi ule ule. "Ningesema nini, Skola? Kazi ingeisha. Unajua moyoni mwangu nilivyo." Nikajitia kuuelewa moyo wake. Nikamsamehe kabla hajaomba msamaha, nikamngoja mavuno mengine, na mengine tena, na vijana wawili waliokuja kwa mlango wa mbele niliwakataa. Habari ya harusi yake niliipata kwa dereva wa lori. Alioa Mbeya, kanisani, watu wamejaa. Dereva alidhani ni habari njema tu za kijijini, akawa ananieleza hata pilau ilivyokuwa.

Majeraha ya kucha yalipona kwa wiki chache. Miaka ile niliyomngoja ndiyo sijaisamehe, na wala siombi kuisamehe.

Kwa hiyo nakwambia wazi, nisikuzungushe. Paka kucha. Hilo si kosa, wala halikuwa kosa siku ile. Kosa ni kumpa moyo mtu anayekujua gizani na kukusahau penye watu. Maneno ya faraghani ni matamu kwa sababu hayamgharimu kitu. Msikilize anavyokutaja mbele ya mama yake, mbele ya bosi wake, mbele ya wale washikaji zake anaotaka wamwone mkubwa. Hapo ndipo utajua wewe ni nani kwake. Na akishakukana mara moja, usikae kumtafutia sababu. Atakuwa nazo nyingi, na zote zitakuwa za kweli, na wewe utazeeka ukizisikiliza.

Jumamosi ulirudi kutoka sokoni umenyong'onyea. Ulisema yule kijana wako alipita mbele yako na wenzake, akatazama vitenge, akaondoka. Ukaniambia, "Bibi, hakuniona."

Alikuona, mwanangu.

Lia kama unataka kulia, mimi nipo. Mungu akulinde na kungoja kusiko na mwisho. Akupe mtu atakayekuita jina lako kwa sauti katikati ya soko, na usipomsikia, aite tena.