Turubai la Kuuzia Nyumba

Jamani, nitawasimulia, lakini msicheke kabla sijamaliza, na mkishacheka msinitaje jina huko mitaani, maana Kariakoo mpaka leo wapo watu wakiniona napita wanaulizana, "Si yule aliyemlilia mama yake mzima?" Ndiyo, ni mimi. Nilimlilia mama yangu katikati ya barabara, nikagaragara na kanzu nyeupe, na mama mwenyewe yupo juu anasikiliza redio.

Chanzo ni fleti. Marehemu baba alituachia fleti ya chumba na sebule, ghorofa ya tano, jengo halina lifti na halijawahi kuwa nayo. Wakati miguu ya mama ilikuwa mizima hakuna aliyeona tatizo, ila magoti yalipoanza kuvimba akawa hashuki, ukapita mwezi, ikapita miwili, mwisho ikatimia miezi minane mama hajakanyaga chini, anaitazama Kariakoo kutoka roshani tu. Kila nikienda ananiambia, "Athumani mwanangu, nishushe." Neno hilo lilikuwa linanichoma hata chakula kinanishinda. Tukakubaliana tuuze, tununue kijumba cha chini kule Chanika, pembezoni mwa mji, afungue mlango akute mchanga.

Kuuza sasa! Tulipaka rangi, tukashusha bei, tukashusha tena, nikabadilisha madalali watatu, nikapiga picha nikazisambaza kwenye magrupu yote (mpaka grupu la harusi ya binamu yangu, wakanitoa). Nikawaza niifanye stoo ya mizigo kama wanavyofanya wengine, mchukuzi mmoja akatazama belo la mitumba, akatazama ngazi, akaniambia, "Bro, hapa napandisha mara moja tu, halafu mnanizika." Wateja walikuja, siwezi kusema hawakuja, shida ni kwamba walifika juu wanatweta, jasho linawatoka, hawaoni rangi wala dirisha, wanaomba maji ya kunywa na kushuka.

Ndipo dalali wa nne, jamaa mmoja anaitwa Side, mtu wa maneno mengi na viatu vilivyochongoka, akaja na wazo lake. "Kaka, kosa letu tunawapandisha wakiwa na joto. Jumamosi tuweke turubai hapo chini, viti, soda baridi. Mteja akae, apoe, tumwonyeshe video ya nyumba kwenye simu. Akishaipenda atapanda mwenyewe. Na wewe vaa kanzu bwana, uonekane mtu wa kuaminika." Nikaona huyu ndiye niliyekuwa namtafuta siku zote.

Jumamosi asubuhi turubai likafungwa, viti vikashushwa hamsini (Side alisema kumi vitaonyesha tuna njaa), nikampelekea mama chai nikamwambia leo huenda tukapata mtu, akaniombea dua, nikarudishia mlango nikashuka. Mteja wetu tuliyemtegemea alikuwa Mama Neema, mama wa vitenge mwenye duka Ilala, anataka kuhamia karibu na soko. Akapiga simu kwamba hapajui pale petu, na mimi kwa kiherehere changu nikaenda kumchukua mwenyewe, nikakuta bado anahudumia wateja dukani, nikakaa kumsubiri kwa karibu saa mbili nzima.

Huku nyuma, Bi Tatu wa ghorofa ya kwanza akatoka kwenda sokoni akakuta turubai. Akawauliza wafungaji, wakamjibu, "Ni la kwa yule mama mgonjwa wa juu kabisa." Sasa nyie wenyewe mnatujua, turubai asubuhi, viti vimepangwa, mama mgonjwa haonekani miezi minane, hata ningekuwa mimi ningeelewa hivyo hivyo. Bi Tatu akashika kichwa, akarudi ndani kuchukua kanga ya kujifunika, simu mkononi. Nusu saa haikuisha majamvi yameshatandikwa. Hakuna aliyepanda juu, kwanza walidhani ndugu wapo ndani wanamwosha, pili ngazi zile kila mtu anazijua. Side naye alipoona watu wanaanza kumiminika akanipigia kwa furaha, "Kaka, fanya haraka, watu wanajaa huku!" kisha akakimbilia mtaa wa pili kuazima viti vingine. Nikamwambia Mama Neema, unaona, nyumba inagombaniwa hii.

Tukatokea kwenye kona. Niliona wanawake wamejifunika kanga wanalia. Niliona masufuria makubwa yako jikoni pembeni. Kisha nikaona jeneza la msikitini limeegemezwa ukutani. Sasa nisikilizeni vizuri, turubai ni langu, viti nimekodi mimi, lakini kichwa kilifuta vyote, nikaona jambo moja tu, kwamba nimemwacha mama ameshika kikombe cha chai na sasa kafa, kafa kule kule juu, sijamshusha. Nikaanguka. "Mama! Nisamehe mama, sikukushusha!" Nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Buguruni. Na kama kulikuwa na mtu mwenye shaka, shaka yake iliishia hapo, maana mtoto mwenyewe si ndiye huyo analia? Wanaume wakanishika mikono, mmoja ananipepea na kofia yangu mwenyewe, "Jikaze Athumani, ni amri ya Mungu." Mama Neema alibaki amesimama na pochi yake, hajui akae au aondoke.

Juu, mama akazima redio. Sauti ya mwanawe aliijua. Akafungua mlango, akakaa kwenye ngazi, akaanza kushuka kwa makalio, kipandio kimoja baada ya kingine, na magoti yale yale, huku anaita, "Athumani! Nani kamfanya nini mwanangu?" Alikuwa amefika ghorofa ya tatu alipokutana na Bi Tatu na wenzake wawili, ndio kwanza wanapanda kuuliza habari za sanda. Wale wawili walishuka mbio. Bi Tatu akabaki amegandia ukutani.

"Tatu, nasikia vilio," mama akamwambia. "Nani katutoka?"

Bi Tatu akavuta kanga akajifunika uso.

"Si nakuuliza, nani kafa?"

"Wewe," Bi Tatu akasema.

Vijana waliokuja kubeba jeneza ndio waliombeba mama na kiti mpaka chini. Na mimi nikasimama mbele ya halaiki ile, kanzu imejaa tope, makamasi yananitoka, nikaeleza kwamba turubai lilikuwa la kuuzia nyumba. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Siku hizi nyumba zinauzwa kwa turubai, kijana wangu?" Wengine walicheka, wengine walinuna, watu wa msikitini wakalirudisha jeneza lao bila kuniaga. Mama alivua kandambili akaweka nyayo chini, akakaa pale mpaka magharibi, anashikana mikono na watu aliokuwa hajawaona miezi, anakula ubwabwa wa msiba wake mwenyewe. Kisha wakampandisha.

Jumatatu Mama Neema akapiga simu. "Naichukua," akasema. "Nimezunguka nyumba nyingi, sijaona majirani wanaomkimbilia mtu namna ile." Nilipanda ngazi zile mbio, sikuhisi hata moja, nikamwambia mama tumeuza, tunashuka.

Mama akatazama nje. "Mwambie hatuuzi."

"Mama, si wewe uliyesema nikushushe?"

"Nilisema. Lakini Jumamosi nimeuona msiba wangu, Athumani. Nimewaona walionililia. Huko Chanika nani atakuja? Wewe peke yako na kanzu yako?"

Nilibembeleza wiki nzima. Nilimwambia majirani wapya watamzoea, nilimwambia hata Bi Tatu atakuwa anakuja kumtembelea, akanisikiliza vizuri tu na jibu likabaki lile lile. Mama Neema akanunua kwingine.

Nimeapa sitakodi turubai tena maishani kwa jambo lolote, na ukinialika shughuli yenye turubai nitakaa juani. Mama bado yuko kule juu, magoti yamezidi, na tangu siku ile hajaniambia tena nimshushe. Nikiingia nahema ananipa maji, ananisubiri nipoe, halafu ananiuliza habari za chini.