Mtoto wa marehemu mdogo wangu aliacha kusema, nikaanza kumsomea kitabu cha mbuzi

Wakuu, salamu kutoka Kasongo.

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu moyo hautulii. Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, mtanivumilia. Ila nitasema yaliyotokea vile yalivyotokea, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alifariki kabla mvua hazijaanza. Alikuwa akipeleka nguo Salamabila kwa pikipiki, kuwauzia wachimba dhahabu. Aliugua hapa hapa mjini, tukampeleka hospitali, hakutoka.

Akaacha mtoto wa kike, Furaha, wa miaka minne.

Kwetu dada ya mama ni mama, hakuna mjadala. Siku za matanga mama yangu mzazi alimchukua Furaha akamweka mapajani mwangu, watu wote wanaona. "Mama yake ni huyu. Mu hii nyumba hamuna yatima."

Wakubwa wakakubaliana mtoto asiambiwe. Akiuliza, tuseme aliyemzaa amekwenda Salamabila kuuza nguo.

Siku za kwanza aliuliza. Sote tukajibu hivyo hivyo.

Halafu akaacha kuuliza.

Halafu akaacha kusema kabisa.

Huyu ni mtoto aliyekuwa anagombana hata na kuku! Sasa kimya. Pikipiki ikisimama nje, anakimbia kushika kikwembe nilichojifunga na haachii mpaka iondoke. Majirani wakaanza kusema amekuwa bubu. Nilijiuliza kama mdogo wangu ameniachia mtoto mzima na mimi nimemharibu.

Jirani yangu ni madamu, yaani mwalimu wa kike, wa shule ya watoto wadogo. Akaniazima kitabu cha picha, cha mbuzi na mtoto wake, akasema nimsomee.

Nikasoma vile tulivyosomeshwa sisi: mwalimu anasoma, darasa zima linaitikia. "Furaha, sema: MBU-ZI!" Nilipaza sauti mpaka wapita njia wakageuka. Mtoto anatazama miguu yake.

Madamu alinisikia akiwa kwake. Akaja anacheka.

"Mama Furaha, uko unamusomea mutoto ao uko unatafuta kura?"

"Si ulisema nimusomee?"

"Nilisema usome naye. Muulize kitu kimoja, halafu unyamaze. Ungojee."

"Na asipojibu?"

"Utageuza ukurasa. Kesho iko."

Wakuu, kunyamaza ni kazi. Nauliza, "Mbuzi iko anakula nini?" Halafu nangoja, jibu liko mdomoni mwangu linataka kutoka, nalimeza. Hakuna kitu. Kesho yake, hakuna kitu. Nilishaanza kufikiri madamu ananidanganya ili anifariji.

Siku moja kidole chake kikaenda kwenye picha ya majani.

Nilitaka kupiga vigelegele, nikaogopa kumshtua. Nikasema tu, "Eeh, majani. Mengi." Baada ya hapo kidole kikawa kinatangulia swali.

Kisha asubuhi moja tumekaa nje, nalinda muhogo niliouanika, kitabu kiko katikati yetu. Tukafika ukurasa ambao mbuzi mkubwa anaondoka na wenzake na mdogo amefungwa kwenye kigingi. Nikauliza bila kufikiri:

"Mama yake ameenda wapi?"

Nikangoja.

"Salamabila."

Sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu mzima.

Akageuza ukurasa mwenyewe. Pale mbuzi mkubwa amerudi, anamlamba mtoto wake. Akaweka kidole. "Huyu alirudi."

Kisha akanitazama. "Wangu?"

Niliogopa kuliko siku ya msiba, sisemi uongo. Neno "atakuja" lilikuwa tayari. Lakini mimi ndiye niliyemuuliza, naye akajibu. Sasa yeye alikuwa ananingojea vile nilivyokuwa namngojea siku zote zile.

"Mama yako aligonjwa, Furaha. Akakufa. Haiko Salamabila. Hatarudi."

Hakulia. Akauliza, "Na wewe utaenda?"

"Naenda soko, narudi. Siku nikienda mbali nitakuambia ukweli."

Hapo ndipo akalia, kwa sauti, mpaka mama yangu akatoka jikoni mikono ina unga.

"Nani alikutuma kumuambia?"

"Aliuliza, mama."

"Mutoto anaomba hata mwezi wa mbinguni! Utapanda kumuletea?"

Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Simlaumu. Mimi nimezika mdogo wangu, yeye amezika mtoto wake.

Furaha anasema sasa. Si sana. Anasema kuhusu mbuzi, kuhusu uji ulio moto. Pikipiki ikisimama bado anashtuka, na mimi nashtuka pamoja naye. Sijui kama nilifanya vema. Kuna saa naona ndiyo, kuna saa naona nimempa mzigo mkubwa kuliko mgongo wake.

Nilichojifunza ni hiki: ukimsomea mtoto mdogo usimfanye aitikie tu. Uliza, ungoje, hata akikaa kimya muda mrefu. Lakini ukimfungulia mlango wa maswali, ujue naye ataingia na la kwake, na huenda lisiwe la kitabuni.

Juzi ameniuliza tulimweka wapi mama yake.

Kwetu watoto hawapelekwi makaburini. Mama amesema hataki kulisikia hilo akiwa hai. Jumapili nitampeleka. Nimeshaamua.

Nyinyi mliowahi kusimama na mtoto mdogo mbele ya kaburi: akiuliza pale chini kuna nini, mlimjibu nini? Hata neno moja tu. Nitasoma yote.