Mteja Akisema "Nitarudi"

Bado naiona asubuhi ile ya soko la Kasongo, mwanangu, nilipokuwa kijana wa kuuza vitenge kwenye meza ya shangazi yangu, Mama Salima. Mwanamke kutoka Wamaza aliuliza bei ya kitenge cha bluu. Nikamtajia. Akasema, "Nitarudi." Nikamjibu kwa adabu, "Karibu tena, mama," nikaanza kukikunja. Akaenda zake, nami nikajiona mfanyabiashara kamili.

Kumbe shangazi alikuwa nyuma yangu, anatafuna muhogo.

"Weye mutoto, masikio iko mbili, na macho je? Hukuona mukono yake?"

"Alisema atarudi, shangazi."

"Kinywa ndiyo ilisema. Mukono ilibakia ku kitenge! Kimbia!"

Nilikimbia katikati ya baiskeli, nikampata karibu na msikiti. Hakutaka hata nipunguze bei. Alitaka kujua kama kitenge kitachuja rangi, akaona haya kuuliza kwa sababu nilikuwa na haraka. Tulirudi pamoja, akanunua. Tangu siku hiyo shangazi aliniita Bwana Karibu Tena, na jina likanishika. Hata marehemu mke wangu alilitumia nilipomuudhi.

Sasa binti yangu Furaha ana duka lake la vitenge hapa mjini. Mwaka huu ametia akili bandia katika simu ya duka, inawajibu wateja yenyewe. Akaniambia kwamba Sifa, muuzaji wake tangu duka lilipofunguliwa, ataachishwa kazi mwisho wa mwezi. Sikubishana naye. Niliomba tu nikae dukani siku moja.

Mashine ni nzuri, mwanangu, sitasema uongo. Mama mmoja wa Salamabila aliandika akitaka vitenge vya kijani. Sifa hajamaliza kumhudumia mteja wa mlangoni, simu imeshapeleka picha, bei na idadi iliyobaki: tisa. Yule mama akaandika, "Sawa. Nitarudi."

Simu ikajibu, "Asante, karibu tena!"

Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekutana na jina langu.

Sifa aliposoma, hakucheka. Alipiga simu. "Mama, ni Sifa wa dukani. Hii vitenge ni ya arusi?"

Ilikuwa sare ya kwaya. Waimbaji walikuwa kumi na wawili, na yule mama hakujua awanyime akina nani. Sifa akamshauri watatu wanaoongoza nyimbo wavae kitenge cha maua yale yale kwa rangi ya njano. Mama akapiga kigelegele ndani ya simu. Mzigo uliondoka na pikipiki siku hiyo hiyo.

Furaha alikuwa ameona yote. Akamkabidhi Sifa ile simu. "Hauendi tena. Tangu leo weye ndiye mukubwa yake."

"Basi nitaifundisha kusalimia kwanza," Sifa akasema.

Mwanangu, utakapofungua duka lako, iache mashine itafute picha na ijibu yanayojulikana. Lakini usimfukuze anayewajua wateja wako. Mpe hiyo mashine imsaidie, apate nafasi ya kumsikiliza mtu aliyeona haya kuuliza. Mungu akubariki, akupe wateja wengi wanaosema watarudi, na wakarudi kweli.