Hesabu Chini ya Shali

Katika soko la mifugo la Garissa, siku ya Jumatano, ngamia hauzwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi hupeana mikono, shali hutupwa juu ya mikono hiyo, na vidole huanza kuzungumza gizani: kidole kimoja kikibanwa kina maana yake, vitatu vina maana yake, na kiganja kizima kina maana yake. Walio kando huona nyuso tu, mmoja akikunja uso kwa kujifanya ameumizwa, mwingine akitazama mawingu ambayo hayapo. Wakiachana, mapatano yamekwisha kufungwa wala hakuna jicho lililoyaona.

Awil Korane alijifunza lugha hiyo akiwa na umri wa miaka kumi, yaani mwaka mmoja baada ya homa ya uti wa mgongo kumwondolea uwezo wa kusikia. Baba yake, Mzee Korane, aliyekuwa dalali wa ngamia tangu ujana wake, hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alimshika mwanawe mkono, akampeleka sokoni, akamgeukia ili midomo yake ionekane vizuri, akasema, "Hapa, aabo, sote ni viziwi." Alimwita aabo, yaani baba, kama wazazi wa Kisomali wanavyowaita watoto wao kwa mapenzi.

Watu wa Garissa humwita mtu kwa alama ya mwili wake bila kuona haya wala kukusudia ubaya. Mrefu huitwa Dheere, hata akiwa hakimu. Na Awil aliitwa Dhegoole, yaani kiziwi. Aliliitikia jina hilo kila alipoliona midomoni mwa mtu. Jambo la ajabu ni kwamba neno lililokubaliwa na soko zima, yeye mwenyewe alishindwa kuliandika kwenye karatasi.

Sababu alikuwa nayo. Alisomea afya ya jamii katika chuo kikuu, akiketi safu ya mbele kwa miaka minne na kuwasoma wahadhiri midomo, akahitimu vizuri. Kwa miaka mitatu baada ya hapo aliomba kazi mara nyingi. Katika maombi tisa alieleza wazi kwamba hasikii, na maombi yote tisa hayakujibiwa. Kwa hiyo Shirika la Tiba Nyikani, ambalo ni shirika la hisani la afya, lilipotangaza nafasi sita za wanagenzi wa mwaka mmoja kwa vijana waliohitimu, Awil aliijaza fomu kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto wenye mamba. Sharti mojawapo lilisema kwamba mwombaji asizidi umri wa miaka ishirini na minane. Awil alikuwa amebakiza wiki tano kuuvuka umri huo. Akikosa safari hii, hangeomba tena.

Dada yake, Fartun, aliinama juu ya fomu na kuweka kidole mahali palipoandikwa: "Wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Tafadhali eleza msaada utakaouhitaji."

"Andika, walaal, ndugu yangu," alisema.

"Niliandika mara tisa."

"Hawa wameuliza wenyewe."

"Hata fisi humjulia hali mbuzi."

"Na mbuzi wako amjibu nini? Kwamba yeye ni simba?"

Awil akaandika: "Sihitaji msaada wowote." Fartun akasoma, akatikisa kichwa, akaenda zake kupika anjera.

Siku ya mahojiano Awil alivaa shati jeupe na shali mpya ya baba yake begani. Alikuwa amejitayarisha vilivyo. Alijua kwamba waulizaji huanza kwa kumtaka mtu ajieleze, kisha humwuliza kwa nini amelichagua shirika lao. Kwa maandalizi hayo, pamoja na midomo ya waulizaji, aliamini kwamba angepita salama.

Alipoingia chumbani alitafuta midomo kwanza. Waulizaji walikuwa wawili. Wa kwanza, Bi Zeinab, mkuu wa mafunzo, alikuwa amevaa nikabu nyeusi iliyoacha macho tu. Wa pili, Bwana Salah, msimamizi wa kazi za nyikani, alikuwa na ndevu za hina, na juu yake masharubu mazito yaliyoufunika mdomo kama pazia la msikitini. Kwa msoma midomo, chumba kile kilikuwa hakina mdomo hata mmoja.

Macho ya Bi Zeinab yalionyesha kwamba ameuliza jambo. Awil akafuata utaratibu aliojiwekea.

"Naitwa Awil Korane. Nilizaliwa hapa Garissa. Napenda kusoma na kutazama kandanda."

Bi Zeinab na Bwana Salah walitazamana. Swali lilikuwa: mama akikataa mtoto wake achanjwe, utamwambia nini?

Bi Zeinab akauliza la pili, naye Awil akajibu kwa tabasamu pana, "Hiyo imekuwa ndoto yangu tangu utotoni."

Swali hilo lilikuwa: mfugaji akikufukuza kambini kwa fimbo, utafanya nini?

Mabega ya Bwana Salah yalianza kutetemeka. Bi Zeinab aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Awil, aliyezoea kuzisoma nyuso za wauza ngamia, alitambua kwamba biashara imeharibika. Alikuwa na njia mbili: kuendelea kubahatisha hadi mwisho na kutoka akiwa amehesabiwa mpumbavu, au kusema kweli na kutoka akiwa amehesabiwa mwongo. Aliitafakari fomu yake, akainuka.

"Samahani, Bi Zeinab. Mimi ni kiziwi. Huzisoma sauti midomoni, na hapa sikuona mdomo. Sijui mmeniuliza nini tangu nilipoingia."

Sauti yake, ambayo hakuwa na namna ya kuipima, ilifika hadi kwa bawabu nje.

Bi Zeinab alivuta karatasi akaandika, akaigeuza: "Mbona fomu yako inasema huhitaji msaada?"

"Iliyoijaza fomu ile ni hofu yangu," alisema Awil. "Mimi nilishika kalamu tu."

Bi Zeinab aliandika tena, safari hii kwa kirefu: maswali mawili ya kwanza yamefutwa, yatakayofuata yataandikwa, muda utaongezwa. Kisha akaongeza kwamba kosa lilikuwa lao pia, kwa kuwa ulikuwa ni wajibu wao kumwuliza kila mwombaji ana kwa ana kabla ya kumkalisha. Tangu hapo mahojiano yalikwenda vizuri, naye Awil alijibu kwa ufasaha wa mtu aliyenyamaza miaka mitatu. Lakini Bwana Salah hakuridhika. Aliyainua masharubu yake kwa vidole viwili, mdomo ukaonekana, akasema polepole:

"Kijana, una elimu. Lakini kambini hakuna karatasi, na wazee wengi hawasomi. Kazi yetu ni kusikiliza watu. Utawasikilizaje?"

Bila kungoja jibu, Bwana Salah akayaachia masharubu. "Kesho tutaona," alisema, na Awil hakuliona neno hilo.

Kesho yake waombaji walipelekwa kwenye kambi ya wafugaji kandokando ya barabara ya Modogashe. Kabla ya kushuka garini Bi Zeinab alimwandikia Awil: "Leo unahitaji nini?" Awil alijibu bila kusita, "Nizungumziwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja, naye anitazame." Akapewa mwenzi, Leyla, mhitimu kutoka Wajir, mwenye ulimi mwepesi na uso ulio wazi. Jaribio lao lilikuwa hili: kabla ya adhuhuri, wapate idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano katika kambi ile, na idadi ya waliokwisha kuchanjwa surua. Bwana Salah aliwafuata na daftari lake.

Mkuu wa kambi, Mzee Guleid, aliwakaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia. Leyla akaanza kwa kumwita adeer, yaani ami.

"Adeer Guleid, mna watoto wadogo hapa?"

"Wapo, alhamdulillahi."

"Ni wangapi?"

"Wa kutosha."

"Wanafika kumi?"

"Msichana," alisema Mzee Guleid, "hata ngamia wangu siwahesabu kwa sauti, seuze watoto? Jicho la hasidi halihitaji mlango. Kunywa chai."

Leyla alimgeukia Awil, akamrudishia maneno hayo moja moja. Bwana Salah aliandika kitu daftarini. Alikuwa ameiuliza kambi hiyo swali lile kwa miaka kadhaa, na jibu lilikuwa ni "wapo".

Awil alimtazama mzee, akaitazama mikono yake. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umesagika, kama ulivyo wa watu waliopeana mikono katika Jumatano nyingi. Basi akaivua shali begani, akasogea, akanyoosha mkono wa kulia na kuufunika.

"Adeer, mimi pia sipendi kelele."

Mzee Guleid aliweka kikombe chini. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Korane."

"Korane dalali? Aliyenishinda kwa yule ngamia jike mwekundu?"

"Ndiye."

"Basi leo nalipiza," alisema mzee, akaingiza mkono chini ya shali.

Alibana vidole vinne. Sasa, mtu asiyejua soko angeandika watoto wanne na kurudi nyumbani akiwa na furaha. Awil alijua kwamba hakuna mfanyabiashara katika nchi ile anayeanza na ukweli. Akakunja uso kama aliyeumwa na nge, akajibu kwa vidole: kumi na wawili. Mzee akacheka kwa dharau, akapandisha: sita. Awil akatazama mawingu. Wakavutana hivyo kwa muda wa kikombe kizima cha chai, hadi mzee alipobana kiganja kizima, kisha vidole vinne, akatulia. Tisa. Wakashikana mara ya pili kwa ajili ya chanjo, wakakubaliana haraka: watatu.

"Tisa; waliochanjwa watatu," Awil alimwandikia Bwana Salah.

Wakati huohuo Bi Zeinab, ambaye kwa kuwa ni mwanamke aliruhusiwa kuingia katika vibanda vya akina mama, alikuwa amehesabu kimyakimya kwa punje za tasbihi. Alitoka akaandika: "Wanane."

Bwana Salah aliinua masharubu. "Baba yako alimshinda, wewe amekushinda. Amekuuzia mtoto hewa."

Awil aliona mwaka wake wa mwisho ukiondoka kama maji ya mvua kwenye mchanga. Aliyarudia mavutano yote vidoleni mwake. Kiganja kile cha mwisho kilikuwa kimetulia. Mkono unaodanganya hautulii. Halafu akakumbuka kanuni ambayo kila dalali huijua, akamgeukia Bi Zeinab.

"Humo ndani yumo mama mjamzito?"

Bi Zeinab aliandika: "Sharifo, mke wa Mzee Guleid. Miezi imetimia."

"Basi hesabu ni sahihi," alisema Awil kwa sauti yake kubwa. "Sokoni, ngamia jike mwenye mimba huhesabiwa wawili."

Mara watu wote wakaangua kicheko, hata Mzee Guleid akajifunika uso. Awil alimtazama Leyla apate kuelezwa.

"Bi Sharifo amepaza sauti kutoka kibandani," alisema Leyla, akijifuta machozi. "Amesema: 'Guleid! Umeniingiza sokoni pamoja na ngamia? Leo utajipikia!'"

"Nimekuhesabia baraka, mke wangu!" alijitetea mzee. Kisha akamgeukia Bwana Salah kwa heshima. "Huyo wa tisa mwekeeni chanjo yake. Na kama mna mkunga, asikawie."

Bwana Salah aliandika: wanane, na mmoja njiani. Alikaa akiitazama hesabu hiyo, ambayo sehemu yake ya pili hakuna aliyeiomba, akapiga simu kumwita mkunga.

Majina sita yalitoka siku nne baadaye. La Leyla lilikuwa la pili, la Awil la nne. Mzee Korane aliupokea ujumbe kwa simu akiwa sokoni, mkono wake mmoja ukiwa chini ya shali. Wasemaji wasema kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikubali neno la kwanza la mnunuzi.

Siku ya kuripoti kazini Awil alipewa fomu nyingine, nayo ikamwuliza ahitaji msaada gani. Fartun hakuwapo kumwelekezea kidole. Aliandika mistari mitano: maswali ya mikutano yaandikwe, Bi Zeinab atumie ujumbe wa simu, wasemaji wapokezane zamu, mwanga usitoke nyuma ya msemaji. Mstari wa tano aliuandika, akaufuta, kisha akauandika tena kwa adabu kubwa.

Asubuhi iliyofuata Bwana Salah aliingia ofisini akiwa amepunguza masharubu hadi juu ya mdomo. Alisimama mbele ya meza ya Awil, mwanga ukimpiga usoni.

"Mke wangu anakusalimu," alisema polepole. "Aliniomba jambo hili kwa miaka sita, lakini yeye hakuwa na fomu."