Mjerumani Aliyenipa Karanga

Juzi nilipita kwenye boma la zamani hapa Songea, nikamkuta kijana akiwatembeza wageni. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni bibi aliponiacha kibarazani, akaingia kuulizia karatasi za shamba. Nyumbani waliliita boma la Mjerumani, nami niliamini mwenyewe bado yumo. Kuta nene zilinuka chokaa na mavi ya popo. Viatu vizito vikasikika ndani, vikija. Akatoka karani aliyevaa sweta, mweusi kama babu yangu.

“Shikamoo, Mjerumani,” nikasema.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. “Marahaba, mjukuu wangu.” Akanijaza karanga viganjani, bado zina joto.

Juzi yule kijana aliwaambia wageni kwamba Wajerumani waliondoka wote. Sikumbishia. Ila mmoja alibaki, na karanga zake nilizila.