Mwamba Ngoma na Wifi Yake

Mimi ndiye ninayewamba, yeye ndiye anayefinyanga, na tusidanganyane hapa: ngoma ya udongo ni kazi ya watu wawili. Wifi yangu akimaliza kufinyanga, mdomo mpana juu na kiuno chembamba katikati, hicho bado ni chungu tu, unaweza ukapandia maua. Mimi nikishakivalisha ngozi ndipo kinaitwa ngoma. Maneno hayo nimemwambia kwa miaka kumi na minne, naye hujibu yaleyale bila kuinua macho kwenye udongo wake: "Na ngozi bila chungu ni kiatu ambacho hakijashonwa." Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi.

Ni mke wa marehemu kaka yangu. Mfupi, mikono mipana, sauti ndogo. Kaka ndiye aliyekuwa akiwamba. Alipofariki, ngozi sita za mbuzi zilibaki zimelowekwa kwenye karai, na wifi ameketi mbele ya karai hajui aanzie wapi. Mimi wakati huo nilikuwa na kibanda changu cha kushona mapazia. Nikakifunga, nikaja kumsaidia siku mbili. Siku mbili zenyewe ndizo hizi, miaka kumi na minne.

Kuwamba sikufundishwa na mtu. Kutoka kwenye mapazia nilikuja na somo moja tu, kwamba kitu kikilegea ni aibu ya fundi. Basi nikawa navuta! Nakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, kamba nimeizungusha kiganjani, navuta mpaka mishipa ya shingo inanitoka. Ngoma zikawa zinalia kwa ukali, unazisikia kutoka njia panda. Majirani wakaniita Mama Kaza. Jina likanipendeza, sitaficha.

Wifi naye wanamwita Mama Ngata. Kila ngoma inayotoka kwetu inatoka na ngata yake, ile pete ya nguo kama ya kubebea ndoo kichwani, anaisokota mwenyewe kwa vitambaa vikuukuu. Ngoma ya udongo haiwekwi sakafuni, anasema, inaketishwa. Na usidhani utalipa uondoke hivihivi. Atakuhoji kwanza kama unaomba mkono wa binti yake. Utaiweka wapi? Dirishani, hapana. Juu ya kabati, hapana, itaanguka. Ngozi haioshwi, inafutwa kwa kitambaa kikavu. Ikilegea siku za mvua usiipeleke motoni kama ngoma ya mti, maana ngozi itakaza ghafla na udongo utapasuka. Isugue kwa viganja polepole mpaka ipate joto. Vua pete kabla hujapiga. Ukisafiri nayo, ivishe taulo, uipakate. Mteja mmoja alimuuliza kama na maziwa inakunywa. Wifi akamwambia, "Hainywi, baba, lakini ukiwa na hasira usiiguse."

Pamoja na mahubiri hayo yote, kila kiangazi ngoma mbili tatu zilirudi zimepasuka. Wifi alikuwa anatoa nyingine bila ubishi. "Udongo wangu ulikuwa na mchanga," anamwambia mteja, "nisamehe." Mimi nikishika kiuno nyuma yake namwangalia huyo mteja kwa jicho baya, maana nilijua kaianika juani huyo, hana lolote. Zilizopasuka hazitupwi. Mfinyanzi hulia gaeni, na jikoni kwetu ngoma moja ina vijiko, nyingine vitunguu, nyingine funguo ambazo hatujui zinafungua nini.

Sasa kiangazi kilichopita, Jumamosi asubuhi, akaja Mwalimu. Ndiye anayeongoza kikundi cha ngoma cha shule, mtu mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mgonjwa. Amebeba boksi. Ndani ya boksi taulo tatu, ndani ya kila taulo ngoma yetu, na kila ngoma ina ufa kutoka chini ya ngozi mpaka kiunoni.

"Mama, nilichukua nane, na tatu ndizo hizi," alimwambia wifi. "Mwezi ujao tuna onyesho. Kama siwezi kuziamini, itabidi ninunue za plastiki. Na walimu wa shule nyingine wananisubiri mimi, nitakachoamua ndicho watakachofuata."

Shule ndizo wateja wetu. Shule zikihama, tanuri la wifi linazimwa, na mwanamke yule nje ya udongo hana kitu kingine anachokiita maisha. Hasira ikanipanda.

"Plastiki! Watoto wapige ndoo?" nikamwambia. "Mwalimu, sema ukweli, umeziweka juani wewe. Au umezipasha kwenye jiko la mkaa."

"Njoo uone zinapokaa, mama," akasema.

"Nakuja!"

Wifi akainuka. Kwa kawaida hainuki kwenye udongo hata mvua ikipiga. "Wifi, acha. Usiende. Ni udongo wangu."

Nikamwambia leo mchanga utapatikana huko huko shuleni, nikavaa viatu.

Jamani. Stoo ya Mwalimu iko nyuma ya ofisi, haina jua, haina unyevu. Ngoma tano zimeketi juu ya rafu ya mbao, kila moja kwenye ngata yake, kila moja imefunikwa kitambaa. Nyuma ya mlango amebandika karatasi, masharti yote ya wifi kwa mwandiko wake wa ubaoni, mpaka lile la pete. Nilitafuta kosa kama mtu aliyeangusha sindano. Nilipapasa ukuta. Nilipitisha kidole juu ya rafu, hata vumbi halikuwepo. Kisha nikazigonga ngoma kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine. Nne ziliitika. Ya tano ikatoa sauti ya gae. Nayo ilikuwa imeanza kupasuka.

Mwalimu hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nilirudi na ngoma ile yenye sauti ya gae, nikapita moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu, nikakata kamba na kuibandua ngozi. Chombo kilichogongwa huanzia ufa pale kilipogongwa. Huu ulianzia mdomoni, kwenye ukingo, pale hasa kamba yangu inapovuta. Nikabandua zile tatu za kwenye boksi. Zote vilevile.

Tangu utotoni nasikia watu wakisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nilidhani wanasemwa wengine.

Kuna ngoma ya kaka juu ya mlango, haiuzwi, ngozi yake ilishaliwa na wadudu siku nyingi. Nikaishusha. Mdomo wake mwembamba kama ukingo wa sahani. Nikaangalia za Mwalimu: mnene kama kidole gumba changu. Chini ya kila ngoma wifi huchora mwaka kwa kijiti, basi nikaenda jikoni, nikamwaga vijiko, nikamwaga vitunguu, nikamwaga funguo, nikazipanga kwa miaka. Kila mwaka mdomo umenenepa kidogo. Mwanamke alikuwa anajenga ukuta dhidi yangu, ukuta mmoja kila mwaka, na mimi kila mwaka naubomoa.

Nikamkuta anakanda. "Wifi, ulijua tangu lini?"

Hakuuliza nilikuwa nasema nini. "Tangu ile ya kwanza."

"Miaka kumi na minne! Unabeba lawama zangu, unaomba watu msamaha kwa kosa langu, na mimi nimesimama nyuma yako nimeshika kiuno! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulifunga kibanda chako ukaja kwangu. Na nakujua, wifi. Ukikosolewa unachukua mkoba wako unaondoka, unarudi siku ya tatu. Niliogopa siku ya tatu isifike." Akaugeuza udongo, akaupiga na kiganja. "Udongo nauweza peke yangu. Kula peke yangu siwezi."

Mkoba wangu ulikuwa pale pale, msumarini, nyuma ya mlango. Tuliutazama wote wawili. Nakiri kwamba miguu yangu ilishaanza kwenda, maana mtu hazeeki akaacha tabia kwa siku moja. Nikautungua. Wifi akainamisha kichwa, akaendelea kukanda udongo ambao ulishakandika.

Nikafungua mkoba, nikatoa mkasi wangu wa mapazia. Rafuni kulikuwa na ngoma kumi na moja nilizokwisha kuziwamba, kazi ya majuma matatu. Nikakata kamba ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na moja, machozi yananitoka na mdomo unaendelea kutukana, sijui namtukana nani. Mkoba nikaurudisha msumarini.

"Finyanga mdomo mwembamba," nikamwambia. "Kama wa zamani. Kuvuta nitajifunza."

"Kwa umri huo?" akasema, lakini alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye udongo.

Ngoma mpya zilipotoka tanurini nilikaa chini, sikukanyaga ukuta. Wifi aliweka kiganja juu ya ngozi mbichi, mimi nikawa navuta. Nilikuwa hata sijakunja uso akasema, "Basi."

"Basi nini? Hii si pazia linaloning'inia?"

"Itajikaza yenyewe ikikauka. Uachie na upepo kazi kidogo."

Nikaacha. Iliniuma kuacha, nawaambia, vidole viliwasha siku nzima. Tukazianika kivulini siku nne.

Mwalimu alikuja wiki moja kabla ya onyesho. Nilimweleza yote mimi mwenyewe, sikumwachia wifi, nikasema kosa halikuwa la udongo hata siku moja, lilikuwa la mkono huu. Akavua saa, akavua pete, akaipakata ya kwanza na kuipiga katikati kwa kiganja.

Haikulia kwa ukali. Ilitoa sauti nene, ya chini, iliyokaa chumbani muda baada ya mkono kuondoka. Niliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikisikika kwenye nyumba hii kaka alipokuwa hai, na siku zote nilidhani iliondoka naye. Kumbe ni mimi niliyeifukuza.

Mwalimu akapiga tena, akasema anachukua zote, na plastiki akaisahau. Wifi hakumsikia. Alikuwa amejifuta macho kwa mkono wenye udongo, uso mzima umechafuka. Nikamwambia akanawe, tukale.