Kibao cha Kizungu

Nikimwiga yule mwalimu wa Kizungu wa binti yangu, majirani wanacheka mpaka wanakaa chini. Nabana pua hivi, nanyoosha shingo kama bata: "Sentensi nzima! Hiyo ni frezi! Frezi haisimami peke yake!" Wao wanacheka. Mimi narudi kwa nguo zangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, tumepanga chumba kimoja cha mabati Kawangware. Mimi nafulia watu nguo, shule sijui hata mlango wake. Binti yangu yuko darasa la saba, na shuleni kwao kuna kibao cha kuvaa shingoni. Ukiongea lugha ya mama, unavaa. Ukijibu Kizungu nusunusu, unavaa. Hata nyumbani, mtu akikusikia akushtaki, unavaa. Unakaa nacho mpaka umshike mwingine umvishe. Jioni ikikukuta nacho, kesho ni viboko.

Jioni ananisomea grama ya Kizungu nikichambua mboga. "Mum, klozi kubwa inasimama yenyewe. Ile ndogo lazima iegemee kubwa."

"Kama baba yako akitoka kwa pombe," namwambia kwa Kiluhya.

Anacheka, halafu anaziba mdomo. Upande wa pili wa mabati kulikuwa na msichana wa darasa lao, masikio kama ya sungura. Mara unasikia ko! ko! kwa ukuta. "Nitasema kwa ticha!"

Sasa mama yangu akaja kutoka nyumbani kijijini, macho inamsumbua, anataka hospitali. Kiswahili hajui, Kizungu ndio usiseme. Na huyo ndiye alilea binti yangu, akambeba mgongoni mpaka akaota meno ya pili. Ameingia na kuku kwapani, hata hajaketi: "Mjukuu wangu, ni wewe umekuwa mrefu hivi? Ebu nisalimie nisikie sauti!"

Binti yangu akaangalia mabati. Akamshika mkono, akatabasamu.

"Ama nanuka moshi?" mama akauliza.

Nikamweleza mambo ya kibao. Akanikazia hayo macho mabovu. "Kipande cha mti kinakataza mtoto kunisalimia? Sema ukweli. Ananionea aibu."

Nikamvuta binti yangu kando. "Mwambie hata kwa sikio, polepole." Akaninong'oneza, machozi imejaa, "Mum, wiki hii nimeshavaa. Mgongo bado unauma."

Ningemlazimisha aje?

Siku zote mama alikaa kwetu, huyo mtoto alimwosha miguu, akamchania nywele, akampikia uji. Neno hapana. Asubuhi ya kuondoka nikamsindikiza mpaka kwa basi. Hakuniaga vizuri. Huko nyumbani akaambia kila mtu, na hiyo sauti yake ya kukwaruza: "Nilienda Nairobi nikaoshwa miguu kama maiti. Mjukuu wangu hanitaki."

Kabla shule zifunge tukaitwa. Mama ameenda.

Pale kaburini binti yangu akaanguka kwa udongo, na Kiluhya ikamtoka kama maji. Akamweleza yote: shule, viboko, yule wa nyuma ya mabati, ndizi yeye na nyanya yake walikuwa wanachoma kwa majivu akiwa mdogo. Hakuna pahali alikwama.

Dada yangu akasimama juu yake, mikono kiunoni. "Kumbe unajua kuongea! Sasa unamwambia nani?"